Mbao Inapogoma: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Zana Nyingine

Anayejifunza useremala nyumbani hukutana na matatizo yale yale. Amechora mstari wima, msumeno ukaenda upande. Patasi inaponda mbao badala ya kuikata. Rafu iliyokuwa tambarare jana, leo imebetuka. Tukikwama hivyo, wengi wetu huilaumu zana na kwenda kununua nyingine. Zana mpya inakuja, tatizo linabaki, kwa sababu chanzo kilikuwa kwingine: makali yaliyokufa, kipimo kisichoaminika, au mbao ambayo haijatulia. Ndiyo maana hapa naanza na dalili, nafuata chanzo chake, na suala la kununua linakuja pale tu chanzo chenyewe kinapodai.

Kwanza, ichunguze skwea

Usianze kutafuta kosa mkononi mwako kabla ya kuijua skwea yako, yaani zana ya kupimia pembe mraba. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka kabisa. Egemeza skwea kwenye ukingo huo, chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Sasa igeuze skwea itazame upande wa pili, iegemeze kwenye ukingo ule ule, na uchore mstari mwingine kutoka nukta ile ile. Mistari miwili ikilaliana, skwea ni ya kweli. Ikiachana kama herufi V, haiko kwenye pembe mraba, na mwachano unaouona ni mara mbili ya kosa lake. Skwea yenye kosa la milimita 1 kwa kila sentimita 20 itakupa fremu isiyofunga hata ungekata kwa uangalifu wa namna gani. Nimewahi kuona mtu akibadilisha msumeno mara mbili, kumbe tatizo lilikuwa skwea iliyowahi kuanguka sakafuni.

Msumeno unaacha mstari

Anza na swali moja: je, unapotea upande ule ule kila mara? Ukipotea mara kulia mara kushoto, tatizo ni mwili. Simama hivi kwamba bega, kiwiko, kifundo cha mkono na msumeno viwe kwenye mstari mmoja, na mkono uwe na nafasi ya kwenda mbele na nyuma bila kugusa mbavu. Shika mpini kwa vidole vitatu, kidole cha shahada kikinyooka kuelekea mbele pembeni mwa mpini. Usiukandamize msumeno. Uzito wake unatosha, kazi yako ni kuusukuma tu. Anayekandamiza hukunja bapa la msumeno, na bapa likishakunjwa ndani ya mbao halirudi kwenye mstari.

Ukipotea upande mmoja tu, azima msumeno mwingine ukate mstari kama ule. Ukinyooka, basi wako una meno yaliyopindwa zaidi upande mmoja. Meno ya msumeno hupindwa kidogo kulia na kushoto kwa kupokezana ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa. Upande wenye meno yaliyotoka zaidi ndio unaovuta. Laza msumeno mezani, upande huo ukiangalia juu, pitisha jiwe laini la kunolea mara moja kwenye mbavu za meno, kisha jaribu kukata. Rudia kidogo kidogo. Ukizidisha, utavuta upande wa pili.

Sababu ya tatu ni kutumia msumeno usiofaa kwa kazi hiyo. Msumeno wa kupasua, yaani wa kufuata urefu wa nyuzi, una meno kama patasi ndogo ndogo na mara nyingi ni 5 hadi 7 kwa kila inchi. Msumeno wa kukata mkato, unaovuka nyuzi, una meno yaliyochongwa kama ncha za visu, mara nyingi 8 hadi 12 kwa inchi. Ukikata mkato kwa meno ya kupasua, nyuzi zitang'oka na ukingo utakuwa na ndevu. Ukipasua kwa meno ya mkato utachoka, na katika kuchoka utaanza kukandamiza.

Msumeno unakwama ndani ya mbao

Kwanza angalia umeitegemezaje mbao. Ikiwa imelazwa juu ya vitegemeo viwili nawe unakata katikati, itabonyea na kuubana msumeno. Acha kipande kinachokatwa kining'inie nje ya meza, na ukishike kwa mkono unapokaribia mwisho. Unapopasua ubao mrefu, mbao yenyewe inaweza kujifunga nyuma ya msumeno kwa sababu ya mkazo uliomo ndani yake. Chomeka kabari nyembamba kwenye njia uliyokwisha kukata. Mbao mbichi nayo hubana.

Kwa anayetumia mashine ya msumeno wa mezani, kubanwa huku ni hatari kubwa. Diski ikibanwa huirusha mbao kuelekea kwa anayekata kwa nguvu ya kuvunja mifupa. Kile kibati kilichosimama nyuma ya diski kimewekwa kuzuia njia isijifunge. Kisiondolewe. Na usisimame kwenye mstari wa diski.

Patasi inaponda, randa inaruka juu ya mbao

Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani nusu ya manung'uniko ya wanaoanza yanaishia kwenye makali. Patasi mpya haiji ikiwa na makali ya kazi. Kiwandani imepitishwa kwenye mashine tu, na mwenyewe unatakiwa kuimalizia.

Ishike patasi chini ya taa, makali yakikuelekea, uitikise polepole. Ukiona mstari mwembamba mweupe unang'aa kwenye ncha, yale ni makali butu yanayorudisha mwanga. Makali ya kweli hayana uso wa kurudisha mwanga, kwa hiyo huoni kitu. Kisha fanya jaribio la pili: chukua kipande cha msonobari au mbao nyingine laini, uparue kichwa chake, pale nyuzi zilipokatwa. Patasi kali huacha uso laini wenye rangi ya kukolea. Butu huacha weupe, vishimo na nyuzi zilizolala.

Kunoa kuna pande mbili: mteremko, yaani uso ulioinama kuelekea kwenye ncha, na mgongo, uso bapa wa upande wa pili. Unaosahaulika ni mgongo. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Mgongo ukiwa na mikwaruzo, makali yatakuwa na mikwaruzo hata ungenoa upande wa mteremko siku nzima. Laza mgongo wa patasi bapa juu ya jiwe na usugue mpaka sentimita 2 au 3 za mwisho karibu na ncha zing'ae sawasawa. Kazi hii hufanywa mara moja tu katika maisha ya patasi. Baada ya hapo geukia mteremko. Pembe ya nyuzi 25 ndiyo ya kawaida kwa mteremko mkuu, na ncha yenyewe inanolewa kwa nyuzi 30 ili idumu. Anza na jiwe la namba 1000. Endelea mpaka ukipitisha kidole mgongoni, kutoka kwenye bapa kutokea nje ya ncha, kamwe si kukifuatisha ukingo, uhisi kijiukingo kinachokwaruza kwa upana wote wa patasi. Hicho ndicho kinachokuambia kwamba umefika kwenye ncha. Usipokihisi, hujanoa bado, hata kama mteremko unang'aa. Hamia kwenye jiwe laini, namba 4000 au zaidi, sugua kidogo mteremko, kisha laza mgongo uondoe kile kijiukingo.

Huna mawe? Bandika msasa usioogopa maji juu ya kioo kinene, namba 400, 1000 na 2000, uutilie maji. Kwa kuanzia inatosha kabisa, na wapo wanaoendelea hivyo kwa miaka.

Ukinoa kwa grinda, chovya patasi kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Ncha ikigeuka rangi ya buluu, chuma cha kaboni pale kimepoteza ugumu wake na makali hayatakaa. Itabidi uisage ncha ile taratibu mpaka sehemu ya buluu iishe.

Randa inang'oa nyuzi

Randa inakata vizuri, mara inafika mahali inaacha mashimo kama mbao imetafunwa. Itazame mbao ubavuni. Nyuzi hazilali sambamba na uso. Zinapanda kuelekea upande mmoja. Piga randa kuelekea zinakopanda. Ukienda kinyume, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kuzing'oa kabla ya kuzikata. Mara nyingi kugeuza ubao tu kunamaliza tatizo.

Kwenye mafundo, na kwenye mbao ambayo nyuzi zake hubadilika njiani, kugeuza hakusaidii. Hapo punguza kina cha kisu mpaka maranda yawe membamba kiasi cha kupitisha mwanga, kaza mdomo wa randa, yaani mwanya ambamo kisu kinatokea, ikiwa unakazika, na usogeze lile bati linalolala juu ya kisu libaki nusu milimita au chini ya hapo kutoka kwenye makali. Bati hilo huvunja maranda mapema kabla hayajang'oa nyuzi. Ikiwa randa inakuwa nzito kusukuma, sugua mshumaa chini yake mistari miwili mitatu. Tofauti utaihisi papo hapo.

Kiungo kinacheza, au hakiingii

Penseli ina unene. Mistari ya kiungo ichorwe kwa kisu, maana kisu kinakata nyuzi na kuacha mfereji mdogo ambao patasi itakaa yenyewe. Kata upande wa kipande kinachotupwa, ukiacha mstari wenyewe mzima, kisha malizia kwa patasi. Anayekata juu ya mstari amekwishapunguza ulimi, yaani sehemu inayochongwa iingie kwenye tundu la kipande kingine, kwa unene wa msumeno.

Kwa kiungo cha ulimi na tundu, upana wa tundu uwe karibu theluthi moja ya unene wa mbao, ila ukubwa kamili uamuliwe na patasi uliyonayo. Mbao ya milimita 36 na patasi ya milimita 12 zinaelewana vizuri. Chimba tundu kwanza, kisha chonga ulimi kulifuata. Kuupunguza ulimi ni rahisi, lakini kuliziba tundu ni tabu.

Ulimi unatakiwa uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mbao mwishoni. Ukikataa, usiutwange. Paka penseli mashavu ya ulimi, ingiza, toa: ndani ya tundu utaona palipoachwa alama nyeusi, na hapo ndipo panapobana. Ukiwa mlegevu, bandika kipande cha maranda kwenye shavu la ulimi kwa gundi, kikauke, kisha uchonge upya. Usitegemee gundi kujaza nafasi. Gundi nyeupe ya mbao haina nguvu pale ilipo nene.

Fremu ikifungwa na kuonekana imeenda upande, pima ulalo wa kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo viwili vikiwa sawa, fremu ni mraba. Visipolingana, weka klampu kwenye ulalo mrefu na uivute taratibu kabla gundi haijashika.

Gundi imeachia

Kabla ya kubadilisha gundi, soma kiungo kilichovunjika.

Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki kwenye gundi, gundi ilifanya kazi yake. Mbao ndiyo iliyoshindwa, au kiungo kilikuwa kidogo kwa mzigo wake. Ukiona gundi inang'aa laini pande zote mbili, nyuso hazikukutana vizuri, au ilianza kukauka kabla hujafunga klampu. Ukiona gundi upande mmoja na upande wa pili mbao tupu, upande huo ulikuwa na vumbi, nta au mafuta. Mtiki una mafuta yake ya asili. Ufute kwa kitambaa chenye asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi.

Sababu nyingine ni kubandika kichwa cha mbao kwa gundi peke yake. Kichwani nyuzi ziko wazi kama mabomba na hunywa gundi. Hapo weka ulimi, vijiti au skrubu. Klampu zikae angalau nusu saa hadi saa nzima, na usikipe kiungo mzigo kabla ya saa 24.

Mbao imebetuka au imepasuka baada ya kazi kwisha

Meza yangu ya kwanza ilipasuka katikati miezi michache baada ya kuimaliza. Ufa ulikuwa umenyooka, ukafuata nyuzi kutoka kichwani hadi karibu nusu ya urefu. Nilikuwa nimeifunga sehemu ya juu kwa skrubu nene kwenye fremu, pande zote, imara kabisa. Huo uimara ndio ulioipasua.

Mbao hunywa na kutoa unyevu wa hewa muda wote, hata ikiwa na umri wa miaka mia. Unyevu uliomo ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, mbao huanza kusinyaa, na ukipanda tena huvimba. Haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi ni kidogo mno kiasi cha kutohesabika. Kwa upana inasinyaa, na kufuata mzunguko wa pete za mti inasinyaa karibu mara mbili ya kutoka moyoni kuelekea kwenye gome. Meza yenye upana wa sentimita 60 inaweza kupanuka na kusinyaa milimita 5 kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi. Skrubu zisipoiruhusu, itajipatia nafasi kwa kupasuka.

Dawa yake ni kuifunga bila kuibana. Mahali pa tundu la duara, toboa tundu refu linalofuata upana wa meza, ili skrubu iteleze. Au tumia vibao vidogo vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji wa fremu. Kaza katikati, pembeni pawe huru.

Kubetuka kunasomeka pia. Ubao uliokatwa kando ya moyo wa mti, ukikauka, huwa na bonde upande uliokuwa unaelekea kwenye gome. Hiyo ni tabia yake, na huwezi kuizuia kwa kupiga randa kabla haujakauka. Lakini ubao uliobetuka kwa usiku mmoja, ukiwa umelazwa mezani, huenda haujaharibika: uso wa juu umekauka na wa chini haukupata hewa. Ugeuze, uuache siku moja au mbili. Baada ya hapo uuweke juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote. Na unapopaka vanishi au mafuta, paka na chini pia, la sivyo upande mmoja utanywa unyevu kuliko mwingine.

Utajuaje imekauka? Huhitaji kununua kipimo cha unyevu. Kata kipande kidogo cha mbao hiyo, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito na tarehe juu yake. Kiweke chumba kile kile samani itakapokaa. Pima kila siku mbili tatu. Uzito ukiacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya chumba na unaweza kuanza kazi.

Mbao inapasuka kwenye skrubu au msumari

Toboa kwanza. Tundu la mbao ya chini liwe sawa na kiini cha skrubu bila meno yake, na kwa mbao ngumu liwe pana kidogo zaidi. Mbao ya juu itoboliwe tundu ambalo skrubu inapita bila kushika. Usipofanya hivyo, skrubu itashika mbao zote mbili na kuacha mwanya kati yake ambao hata ukikaza haufungi. Kwa msumari, gonga ncha yake kidogo iwe butu. Ncha kali huzitanua nyuzi kama kabari, butu huziponda na kupita.

Stuli inayumba

Usikate mguu kwa kukisia. Iweke juu ya kitu unachojua ni tambarare, chomeka vijikaratasi chini ya mguu unaoning'inia mpaka itulie na kiti kiwe sawa kwa pimamaji. Chukua kibao chenye unene unaozidi mwanya ule, laza penseli juu yake, zungusha kila mguu. Kata miguu yote minne kwenye mistari hiyo.

Mikwaruzo na mabaka baada ya vanishi

Vanishi haifichi, inaonyesha. Mikwaruzo inayotokea ghafla ilikuwapo tangu msasa wa namba 80, na namba 120 haikupewa muda wa kuiondoa. Nenda 80, 120, 180, ukifuata nyuzi, na usiruke. Kabla ya kupaka, futa kazi yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo: mikwaruzo itaonekana, na matone ya gundi yaliyokauka yatabaki meupe. Yaparue kwa patasi, maana rangi haiingii hapo. Maji yatasimamisha nyuzi kidogo. Zikikauka, pitisha msasa laini mara moja.

Basi ninunue nini?

Nunua kwa kazi iliyo mbele yako. Kwa rafu au sanduku la kwanza utahitaji skwea ya kweli, futi, kisu cha kuchorea, msumeno mmoja wa mkato, patasi za milimita 6, 12 na 20, nyundo ya mbao, kitu cha kunolea, na klampu nne. Randa ya urefu wa kama sentimita 35 inafuata, kwa sababu inaweza kunyoosha na kulainisha pia. Kisha jiliwa, kile kibanio cha mezani, na drili ya betri iwe mashine ya kwanza. Kati ya seti ya patasi kumi za chuma laini na patasi tatu za chuma kizuri, chukua hizo tatu.

Zana kuukuu ni nzuri ukijua pa kutazama. Kutu ya juu juu inatoka. Randa yenye ufa mdomoni iache. Msumeno utazame kwa jicho moja kutoka kwenye mpini hadi ncha. Bapa lililopinda halitakupa mstari ulionyooka.

Katika bajeti hiyo hiyo weka barakoa nzuri na vizuia kelele. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na vumbi baya zaidi ni lile laini la msasa ambalo huwezi kuliona likielea. Glavu usivae karibu na kitu kinachozunguka. Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, kwani vinapokauka huzalisha joto na vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikakamae.